Kimya wa Bendi ya Kutu

Jina lake halisi lilikuwepo kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni, lakini hata msimamizi aliyeiandika orodha hiyo alimwita Kimya. Alilipata jina hilo wiki ya kwanza alipoanza kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mwenzake wa zamu, mama mmoja mwenye maneno mengi aliyesimamia pasi kubwa ya kunyooshea mashuka, aliongea naye tangu asubuhi hadi saa ya chakula, kisha akawageukia wengine: "Huyu nimeshampa habari za ukoo wangu mzima, mpaka wajomba waliofariki, na mimi sijui hata kama ana ulimi." Watu wakacheka. Kimya naye akatabasamu, akaendelea kukunja.

Hakuwa na kiburi, na wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu ambaye maneno humfika mdomoni baada ya mazungumzo kuhamia kwingine. Na nyumbani hakukuwa na wa kumharakisha. Aliishi katika chumba kimoja, kwenye nyumba ya wapangaji sita wanaotumia bomba moja la maji uani. Katika chumba hicho alikuwa akikaa na mama yake mzazi, hadi mama alipofariki, Kimya akiwa na miaka kumi na saba. Vitanda vilibaki viwili. Kimoja alikilalia, cha pili alikiwekea nguo zilizofuliwa, kwa kuwa hakujua amgawie nani, na kukiuza moyo ulikataa. Ndugu wa karibu aliyebaki ni mama mkubwa, dada wa marehemu, aliyekaa upande wa pili wa mji na kupiga simu kila Ijumaa kuuliza, "Umekula nini?" Swali lilikuwa hilo hilo, na jibu likawa hilo hilo, na wote wawili walikata simu wakiwa wameridhika nusu.

Ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Kimya alikuwa akiimba. Kama kuimba ndilo neno lake. Mashine kubwa tatu za kufulia zilipokuwa zikizungusha maji zote kwa pamoja, chumba kizima kilitetemeka, na mtu akikusemesha ilibidi akushike bega kwanza. Hapo ndipo Kimya alipoinamia pipa la mashuka machafu na kupiga kelele ndani yake. Maneno aliyatunga mwenyewe. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akanyanyua kichwa, akajifuta jasho, akaendelea na kazi. Hakuna aliyesikia. Ilikuwa salama kama kuzungumza chini ya maji.

Siku moja, saa nne ya asubuhi, umeme ukakatika. Mashine zote zikanyamaza kwa mkupuo, na katika utulivu ule ikabaki sauti moja tu hewani, kali kama bati linalokatwa: "Hata mbwa wa jirani mnamwita kwa jina lake!"

Watu wanane waligeuka. Mama wa pasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata kauli. Akasema polepole, "Kumbe ni kweli. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Wakacheka hadi wakatoka machozi, na Kimya akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na pipa lake.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa fundi wa karakana ya hospitali, kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Msumari, ambaye asubuhi ile alikuwa amepiga magoti sakafuni akigongagonga gurudumu la toroli. Jioni alimngoja getini.

"Dada, ule wimbo una beti ngapi?"

"Si wimbo," Kimya alisema.

"Basi hicho kitu. Kina beti ngapi?"

Akafikiri. "Tatu."

"Zinatosha," Msumari akasema.

Msumari alikuwa na gitaa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe aliuokota ndani ya redio ya gari aliyopewa aitengeneze miaka kadhaa nyuma: diski iliyokwama humo, haina jalada wala jina, yenye nyimbo fupi za haraka kama watu wanaokimbia mvua. Gitaa lilipiga milio mitatu tu, na mwimbaji aliimba kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Aliulizauliza akaambiwa huo unaitwa panki. Tangu siku hiyo hakutaka muziki mwingine. Alikwisha kumpata mpiga ngoma, kijana mfupi mwenye kifua kipana aliyeziba matairi kwenye gereji na kuitwa Pacha. Pacha mwenziwe alikuwa wakili katika mji mwingine, na yeye alipenda kusema kwamba tumboni waligawana sawasawa: mwenzake akachukua kichwa, yeye akachukua mikono. Besi hawakuwa nayo. "Besi ni mguu wa Pacha," Msumari alieleza.

Bendi wakaiita Kutu, kwa sababu ya stoo ya gereji walimofanyia mazoezi, ambamo kila ulichokigusa kilikuachia rangi mkononi. Kila Jumamosi mchana, kwa miaka miwili, walijifungia humo katikati ya matairi. Kimya alifika, akasalimia, akaimba, akaaga. Kati ya salamu na kuaga hakuzungumza maneno ishirini. Lakini akishika kipaza sauti, Pacha alisema, ilikuwa kama mtu amefungua bomba lililokuwa limeziba tangu uhuru.

Maonyesho hayakuwa mengi. Mara moja waliitwa kwenye harusi na mtu aliyesikia neno "bendi" bila kuuliza zaidi. Walipiga nyimbo mbili. Baba mdogo wa bwana harusi akapanda jukwaani, mzee mpole, akamwinamia Msumari sikioni: "Wanangu, chombo kimeharibika, au ndiyo wimbo wenyewe?" Walikula pilau yao nyuma ya hema, wakarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima Pacha alikuwa akilirudia swali hilo kwa sauti ya mzee. Kimya alicheka hadi akakaa chini kando ya barabara. Alikuja kuikumbuka siku hiyo kuwa miongoni mwa siku chache ambazo hakupata kujihesabu kuwa yuko peke yake.

Wazo la albamu lilikuwa la Msumari. "Tukifa leo," alisema, "hakuna atakayejua kwamba tulipiga hata noti moja."

"Majirani wa gereji watajua," Pacha akajibu. "Watachinja mbuzi kwa furaha."

Lakini wakakata shauri. Msumari alimfahamu fundi mitambo mmoja, mzee aliyekuwa akirekodi kwaya na mahubiri katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya seremala. Siku za kazi randa na misumeno havikumpa nafasi, kwa hiyo alirekodi Jumapili mchana. Kuta alizipigilia magodoro ya zamani. Alivaa koti hata wakati wa joto, na kila alichokirekodi alikiandika katika daftari la shule kwa mwandiko wa kulala. Wimbo wa kwanza ulipoisha, alivua vifaa vyake vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena. "Haya," akasema. "Na huu ni utangulizi?"

"Ndio wote, mzee," Msumari akamwambia.

"Dakika mbili?"

"Na sekunde kumi."

Mzee akaandika. "Kwaya ingekuwa haijamaliza kujitambulisha."

Jumapili ya kwanza wakamaliza nyimbo tatu, ya pili mbili. Mzee akaanza kuipenda ile kazi kama mtu anavyompenda mgeni mkorofi. Jumapili ya tatu wakaufikia wimbo wa sita, ulioitwa "Kidevu Juu", na hapo wakakwama. Kimya aliuimba mara nane. Kila mara Msumari alitikisa kichwa, na Kimya mwenyewe alijua kabla hajatikisa.

Mzee akazima mitambo. "Mwanangu, nyimbo tano umenipasua masikio, nami nikashukuru. Huu unauimba kama mtu anayeomba radhi. Umetungwa na nani?"

"Mimi."

"Basi humo ndani kuna neno la uongo. Kwaya ikiimba neno isiloliamini, sauti hunywea hivyo hivyo. Nimeyasikia hayo miaka thelathini. Nenda kakae nje, ulitafute."

Kimya akatoka, akakaa juu ya rundo la mbao uani kwa seremala, karatasi yake magotini.

Wimbo ule ulimhusu baba yake. Wenzake hawakujua. Baba yake alikuwa hai, mzima wa afya, na alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa karibu na posta, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali, na Kimya alipita mbele yake kila asubuhi akienda kazini na kila jioni akirudi. Baba huyo hakuwahi kumuoa mama yake Kimya. Kimya alipokuwa na miaka minne, baba alioa mwanamke mwingine, akapata watoto wengine, na tangu hapo hakumkana Kimya wala hakumkubali. Alimwacha tu, kama mtu anavyoacha mwavuli kwenye nyumba ya watu kisha akaona haya kuurudia. Mama yake Kimya hakumsema vibaya. Alimwambia, "Yule ni baba yako. Ukikutana naye, msalimie. Usimdai neno." Naye Kimya akalishika hilo.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, shule iliwapeleka darasa zima kupigwa picha za fomu za mtihani, kwenye studio ile ile, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu. Watoto arobaini walipanga foleni hadi barabarani. Kimya alisogea hatua kwa hatua, akijiuliza atamwambia nini. Zamu yake ikafika. Akakaa kwenye kigoda. Baba yake akaja, akamnyanyua kidevu kwa vidole viwili, kama alivyowafanyia watoto wote, akasema kama alivyowaambia wote: "Kidevu juu. Usicheke." Mwanga ukapiga. "Mwingine."

Huo ndio wimbo. Na ubeti wa mwisho alikuwa ameandika: *Sikukumbuki, sikujui, sikutaki.* Aliyapenda maneno hayo alipoyaandika. Yalikuwa makali, yalifaa gitaa la Msumari. Sasa akayasoma juu ya mbao, na maranda yakimwingia viatuni, akaona kwamba yote matatu si kweli. Akaazima penseli ya seremala iliyokuwa imesahaulika juu ya meza, akayakata, akaandika mstari mmoja badala yake: *Nakupita kila siku, kidevu juu.*

Akarudi ndani, akauimba mara moja. Ulipoisha, Msumari hakutikisa kichwa. Mzee aliandika daftarini mwake, na baada ya kuandika akakaa kitambo akiitazama kalamu.

Jumapili ya nne wakamaliza. Nyimbo tisa, dakika ishirini na tatu. Albamu wakaiita Hatupo, jina alilolitoa Pacha kutokana na jibu analowapa wateja wakija gereji saa ya chakula. Ikabaki picha ya jalada. Msumari alitaka picha ya kitambulisho: nyuso tatu mbele ya kitambaa cha buluu, hakuna anayecheka. "Kama watu wanaotafutwa," alisema.

"Basi twende kwa yule mzee wa karibu na posta," Pacha akasema. "Bado ana kitambaa chenyewe, na kigoda."

Kimya angeweza kusema hapana. Neno hilo lilimfika mdomoni wakati wenzake wameshapanga siku. Ndivyo ulivyo ukimya: watu hudhani umekubali.

Walienda Jumatano mchana, baada ya zamu. Studio ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Ukutani kulikuwa na picha za mabibi harusi zilizokwisha kupauka, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiibiwe. Baba yake alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alimtazama Msumari, akamtazama Pacha, akamtazama yeye, na macho yake yakakaa pale kwa muda mfupi, kisha yakatafuta kazi nyingine.

"Shikamoo," Kimya akasema.

"Marahaba. Karibuni." Akaanza kusogeza taa. "Wewe kijana wangu mrefu, kaa huku. Mwanangu, wewe hapa." Akamnyanyua Msumari kidevu kwa vidole viwili, akamnyanyua Pacha. "Na wewe, dada, kaa katikati."

Kimya akakaa katikati. Dada ni neno la heshima. Mtu humwita hivyo msichana yeyote asiyemjua, muuza duka, abiria mwenziwe. Alilisikia likishuka ndani yake taratibu, kama jiwe kisimani.

Mkono wa baba yake ukanyanyuka kuelekea usoni pake, ukasimama hewani, ukarudi. Akaenda nyuma ya kamera.

"Kidevu juu," akasema. "Usicheke."

Bega la Pacha, lililokuwa limegusana na lake, likakakamaa. Upande wa pili Msumari aliacha kupumua. Mwanga ukapiga. Ndiyo maana katika jalada la albamu ile vijana wawili wa pembeni wanaonekana kama watu waliosikia habari mbaya sasa hivi, na msichana wa katikati ana uso mkavu, kidevu juu.

Walitembea mpaka kwenye kona.

"Kimya," Pacha akaanza.

"Mm."

"Yule ndiye wa wimbo wa sita?"

"Ndiye."

"Ni nani yako?"

"Baba."

Wakatembea tena. Msumari akasema, "Tutatafuta picha nyingine. Hata ya simu."

"Hapana. Iwe hiyo."

Pacha alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku ile hakuona pa kuipenyeza. Alimbebea Kimya mfuko wake mpaka mlangoni, mfuko ambao haukuwa na kitu zaidi ya koti la kazi.

Albamu ikazinduliwa Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa chama cha ushirika, wenye viti vya plastiki na bango la mkutano uliopita. Walikuja watu hamsini na kitu. Wenzake wa hospitali waliingia kwa mstari, wakiongozwa na mama wa pasi, na kila mmoja alikuwa ameziba masikio kwa pamba ya wodini. "Tumekuja kukuona," mama wa pasi alimweleza kwa upole, "kukusikia tulikwisha kukusikia." Mama mkubwa alikaa safu ya mbele, mkoba magotini, miguu pamoja, kama yuko kanisani au mahakamani. Hakutikisika hata mara moja. Mwisho alimngoja Kimya mlangoni, akamfuta jasho kwa leso yake mwenyewe.

"Mama yako angeziba masikio," akasema. "Lakini angebaki mpaka mwisho." Kisha: "Ule wa kidevu. Mwenyewe ameusikia?"

"Sijui, mama."

"Basi mpelekee. Mtu akitajwa, apewe habari. Usimseme mgongoni."

Ikamchukua siku kumi. Siku ya kumi na moja, baada ya zamu ya asubuhi, alipiga moyo konde, akaingia studio na nakala moja ya diski. Hakukuwa na mteja. Baba yake alikuwa anakata picha ndogondogo kwa kikatio, nyuso nne nne za mtu mmoja.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuletea hii. Ni ile kazi tuliyopigia picha."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaiweka mezani. "Ninayo. Yaani, ipo nyumbani. Watoto wangu wanaipiga tangu wiki iliyopita." Akakata uso mmoja, akaupanga. "Wameipata sijui wapi. Wimbo wa sita wanaupenda kuliko yote. Nikiwaambia wakae vizuri mezani, wananijibu, kidevu juu."

Kimya aliwafikiria, watoto watatu ambao aliwajua kwa kuwaona barabarani, wakicheka mezani kwa sauti yake.

"Wanajua?"

"Hawajui. Mama yao anajua. Alizima, akasema kichwa kinamuuma. Hakusema jingine." Kikatio kikashuka tena. "Ni kweli nilikwambia maneno hayo?"

"Mara mbili."

"Nawaambia watu wote."

"Najua," Kimya akasema. "Ndiyo wimbo wenyewe."

Baba yake akaacha kukata. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, na mtu akalielekeza kwa kupiga bati lake kofi. Kimya alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na yote aliyaona sasa kuwa tayari yamo kwenye diski, na mengine hayakustahili kusemwa.

"Unafanya kazi wapi?" baba yake akauliza.

Miaka mitano alikuwa amepita mbele ya mlango ule na koti la kazi mkononi. "Hospitali. Kwenye kufua."

"Mashuka?"

"Mashuka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nililazwa pale mwaka juzi. Siku nne. Tumbo."

Kimya hakujua. Hakuna aliyemwambia, na nani angemwambia. Siku nne baba yake alilala ghorofani, na yeye chini akafua shuka lake pamoja na mashuka ya watu mia, akalikunja, likapanda tena juu.

"Yalikuwa safi," baba yake akasema. "Mashuka. Nilimwambia hata muuguzi."

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke na mtoto aliyevalishwa shati jipya. Baba yake akanyanyuka, akashika taa. Alipompita Kimya alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Haya, mama."

Alilibeba neno hilo mpaka nyumbani, akaligeuza huku na huku. Mama, mtu humwita muuza nyanya. Humwita hivyo mteja asiyemjua jina ili asimkosee adabu. Na ndivyo pia baba anavyomwita binti yake wa kumzaa, hasa akiwa mdogo, hasa akimuaga. Hakukuwa na njia ya kujua ni lipi, na alijua kwamba hatamwuliza. Ijumaa mama mkubwa alipopiga simu, badala ya kumngoja aulize alichokula, Kimya alimweleza yote.

"Alikupokea kwa mikono miwili?" mama mkubwa akauliza.

"Diski. Aliipokea kwa mikono miwili."

"Basi," mama mkubwa akasema. "Tulichukue hilo."

Albamu ilitembea kwa miguu yake, simu kwa simu. Kituo kimoja cha redio kiliupiga wimbo wa sita mara kadhaa, mtangazaji akiomba radhi kabla na baada. Watu wachache walianza kumtambua Kimya njiani, na walipomsemesha wakashangaa, kwa maana mtu aliyewafokea kwenye spika alikuwa akiwajibu kwa kutikisa kichwa. Ilipofika miezi mitatu, Msumari akapata kazi ya ufundi kwenye meli za mizigo, mkataba wa miaka miwili. Alikuja kuwaeleza stoo, katikati ya matairi, akiwa ameshika kofia kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa na wadogo zake wanne wa kusomesha. Siku ile hawakupiga nyimbo. Walifunga nyaya.

Wakamsindikiza siku ya Jumapili. Gitaa aliondoka nalo. Basi lilipogeuza kona Pacha alisema, "Sasa bendi yenyewe ni mguu wangu na kelele zako." Kisha akatazama saa, kwa kuwa mke wake alikuwa amejifungua wiki ile, na nyumbani walimngoja. "Tutaonana Jumamosi," akasema. Wote wawili walijua kwamba Jumamosi hiyo asingeweza kuja, wala inayofuata.

Kimya akarudi chumbani mchana ule. Akakusanya nguo kutoka kitanda cha pili, akaketi mahali pale ambapo hakuwahi kuketi tangu mama yake afariki, akaiweka Hatupo kwenye redio ndogo ya diski aliyokuwa nayo. Alikuwa hajaisikiliza hata mara moja akiwa peke yake. Alimsikia Msumari akihesabu, moja mbili tatu nne, akasikia ngoma ya Pacha, akasikia kiti kikilia mahali fulani chumbani kwa yule mzee, kitu ambacho Jumapili zile hakuna aliyekigundua.

Alikuwa amefika wimbo wa saba mtu alipopiga hodi. Alikuwa mke wa dereva mmoja, mpangaji mpya wa chumba cha pili, kanga begani.

"Samahani dada, mtoto ndiyo kwanza amelala. Hiyo redio yako."

"Samahani. Nazima."

"Usizime, punguza tu." Jirani akasikiliza kidogo, akiwa ameegemea mlango. "Huyo anayelia ana nini?"

"Nani?"

"Huyo dada. Huyo anayeimba."

Kimya akafikiri. "Hana kitu," akasema. "Ndivyo anavyoimba."

"Masikini. Koo litampasuka." Jirani akatabasamu, akavuta kanga yake, akaondoka.

Kimya akapunguza sauti mpaka ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea chumba cha tatu, akarudi kuketi. Ndipo maneno yakamfika. Ni mimi, ndivyo angesema. Huyo ni mimi. Akanyanyuka, akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu. Bomba lilikuwa linadondoka kwenye ndoo iliyojaa, na pazia la chumba cha pili lilikuwa limeshushwa. Alisimama kizingitini akiusikiliza wimbo wa nane nyuma yake, kisha akaenda akalikaza bomba.